Kantangaze, Mgeni Mwenye Haya

Wakulima wa nyanya Tanzania humwita kantangaze, na ukilisikiliza vizuri jina hilo utasikia amri: kanitangaze! Basi tutii. Sifa yake kuu ni haya. Nondo huyu wa Amerika Kusini, aliyeelezwa kitaalamu na Edward Meyrick mwaka 1917 kutokana na vielelezo vya Peru, hazidi milimita 7 kwa urefu. Amevaa kijivu chenye madoa meusi, vazi la asiyetaka kutazamwa, na hutoka usiku. Lakini aliyefuzu stara hasa ni kiwavi wake. Akianguliwa tu hupenya ndani ya jani, akala nyama ya katikati na kuziacha ngozi zote mbili, ya juu na ya chini, mradi asile hadharani. Ni wangapi kwenye karamu zetu wenye adabu hiyo? Akihamia kwenye tunda, hupenda kuingilia kwenye kikonyo, mnunuzi asipotupa jicho. Hata kugeuka pupa, mara nyingi hujificha udongoni. Uzazi nao umo: jike hutaga hadi mayai 260, na penye joto vizazi hufika 12 kwa mwaka. Tuendelee.

Watasema ni mvamizi. Mvamizi gani huyu, aliyebebwa ndani ya matenga ya nyanya za biashara? Alionekana Uhispania mwaka 2006. Tanzania na Kenya zilimpokea 2014, baada ya Sudan na Ethiopia. Miaka minane ya taarifa! Mgeni huyu mwenye haya hakutushtukiza. Sisi ndio tuliolala kwenye mizani ya mpakani. Watasema tena kwamba dawa zipo. Zipo, rafu nzima. Ila dawa ya kugusa inayomwagwa juu ya jani inamlowesha nani, ikiwa mwenyewe amejifungia ndani? Inawaua wadudu waliokuwa wakimla yeye na mayai yake, naye kwa vizazi vingi hivyo hujenga usugu upesi. Hapa mzaha unanishinda. Mkulima akirudi dukani kulalamika huambiwa achanganye dawa mbili, kisha tatu, na anayemshauri ndiye anayemuuzia. Bwana shamba, ambaye ushauri ndio kazi yake, ana haya kuliko kantangaze: haonekani hata usiku. Angeonekana, angemwambia kwamba mtego wa feromoni, yaani harufu ya jike, humnasa dume bila tone la sumu, na humjulisha mkulima mapema kwamba mgeni amefika. Mkienda dukani, ulizeni kama wanao.