Kompyuta Inayoamka Mwaka 2009

Umeme ukikatika pale Musoma, watu huulizana kama na kwa jirani umezima. Mimi huulizia mwaka. Kompyuta yangu ya mezani, ya mtumba, umeme ukirudi huamka ikiamini ni Januari 2009 na Kikwete yuko Ikulu.

Hilo ningelivumilia; mabibi zetu nao wana miaka ya kukisia. Taabu ni QEMU, programu ya Fabrice Bellard inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta. Mpwa wangu wa Bunda anajifunza mitandao, na pesa ya kununua mashine kadhaa hatuna, basi tunaziigiza. Ikiachiwa peke yake, QEMU hukaa ikitafsiri amri za prosesa, kama mkalimani wa mkutano wa hadhara asiyekubali mgeni rasmi amalize sentensi. Dawa yake ni KVM, moduli ya kerneli inayoiachia prosesa halisi itekeleze amri yenyewe. Nimeshaiandika kwenye faili la moduli za kupakiwa mashine inapowaka. Lakini ruhusa ya mwisho iko kwenye BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine, na BIOS ikisahau mwaka husahau na ruhusa. Skrini inakujibu kwa mkato: KVM imezimwa na BIOS. Tena hata kwa kalenda yake haina kisingizio, maana KVM iliingia kwenye Linux mwaka 2007!

Basi unazima, unawasha, unagonga F10 mfululizo kabla nembo haijapita. Mama mwenye nyumba alichungulia mlangoni: "Mwanangu, hicho ni kinanda?"

Butiama ndiko tulikoumbuka. Tuliipakata kwenye hiace hadi Makutano, tukakunja kwenda kuwaonyesha vijana kwenye semina. Umeme wa ukumbini ukacheza kidogo tu. Vijana wakaenda kunywa chai, wakamaliza vitumbua, wakarudi. Mashine ya kuigiza bado inajikongoja kuwaka. Mwenyekiti akatoa neno la shukrani, ikiwa haijafika hata kuuliza nywila.

Nilipomrudisha mpwa Bunda, alinivuta sokoni kwa fundi saa. Nikamwamkia. Mzee akafungua boksi la kompyuta, akachomoa kibetri bapa cha mviringo, CR2032, kilekile cha rimoti za magari, akakigusisha ulimini.

"Marehemu," akasema. "Elfu mbili."

"Sasa mzee, kasi itarudi?"

"Kasi siijui, kijana wangu. Mimi natengeneza saa."