Matembezi ya Kipupwe na Rambirambi Zake

Kipupwe ni majira ya baridi yanayoanza Juni na kuishia Agosti, wakati pepo za kusi zinapotawala, na kwa mkazi wa Makete jina hilo huambatana na umande unaoganda juu ya majani. Kwa mkazi wa Bukoba, mji ulio jirani mno na Ikweta hata usiku wake haushuki sana chini ya nyuzi 16, baridi hiyo ni ya kuaminiwa zaidi kuliko kuhisiwa. Hata hivyo ndiyo majira ambayo vikundi vya marafiki wa mjini, aghalabu walimu, makarani na wastaafu wawili watatu walioonywa na daktari kuhusu sukari, huyateua kwa matembezi yao ya mashambani, kwa hoja kwamba Julai hupata mvua haba kuliko miezi mingine yote.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila ukweli wake ni wa kulinganisha tu. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachokaribia maradufu ya kile cha Dar es Salaam, na mhusika mkuu ni Ziwa Victoria: usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hewa yenye unyevu hupanda na kufanya mawingu, kisha pepo za mashariki huyasukuma hadi ufuko wa magharibi, ambako huwasili alfajiri au asubuhi, yaani saa ileile ambayo kikundi kimepatana kukutana. Mvua haba, kwa tafsiri hiyo, ni ile inayomlowesha mtu mara moja badala ya mara tatu.

Njia mojawapo inayofaa ni ile inayoiacha barabara kuu pale Muhutwe na kupanda Kamachumu, wilayani Muleba, ikipokezana kibanja na rweya. Kibanja ni shamba la nyumbani la Mhaya, ambamo migomba, mibuni na maharage huizunguka nyumba. Rweya ni uwanda wa nyasi uliopo kati ya kijiji na kijiji, ambako ng'ombe hulishwa na nyasi za kutandaza vibanjani hukatwa. Katika rweya mtembezi hupigwa na upepo, katika kibanja huteleza, na imezoeleka kwamba wa kwanza kuanguka ni yule aliyewahutubia wenzake kuhusu ubora wa viatu.

Tope, hata hivyo, si lolote mbele ya adabu. Vijijini mtu huenda shambani, kanisani, mnadani au msibani, na kutembea bila shughuli ni jambo lisilo na nafasi katika orodha hiyo. Kwa hiyo kundi la watu wazima wa mjini linalokwenda kwa miguu siku ya Jumamosi, kimya kwa sababu limechoka, akina mama wakiwa wamejitanda khanga kwa ajili ya baridi, haliwezi kuwa jingine ila la wafiwa. Mzee anayekutana nalo huvua kofia na kusema, "Poleni sana, waitu" (waitu likiwa neno la heshima la Kihaya), kisha huuliza ni nani aliyefariki. Jibu la kweli, kwamba wanatembea tu, hupokelewa kwa huruma kubwa zaidi, kwa maana linathibitisha kuwa majonzi yamewavuruga akili. Ndiyo sababu wengi huitikia "Tumeshapoa", bila kufikiri kwamba kijiji cha mbele huenda kina msiba kweli na kwamba mzee ana mjukuu wa kuwasindikiza hadi mlangoni.

Huko hakuna pa kutokea. Chini ya turubai, kando ya meza, kuna daftari la rambirambi lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, na fedha za chakula cha mchana huishia humo. Imewahi kutokea mwandishi wa daftari, kwa kelele za mvua juu ya turubai, akaandika "Kikundi cha Maombezi" pale alipotajiwa "Kikundi cha Mazoezi", na baada ya robo saa wahusika wakaitwa mbele kuongoza sala. Inasemekana sala ilikuwa fupi na ya dhati.

Umbali nao una kipimo chake, "hapo tu", ambacho urefu wake hutegemea jinsi msemaji anavyoivuta ile a. Ikivutwa sana, busara ni kutafuta bodaboda, hata kwa kupakiana mshikaki.

Ikumbukwe pia kwamba Muleba ina kicheko katika historia yake: tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, kulizuka kicheko kisichozuilika kilichowakumba wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi, na hali hiyo ikaenea hadi Nshamba. Kicheko hicho kiliandamana na vilio na mahangaiko, hivyo hakikuwa mzaha. Kicheko cha watoto wanaomwona karani akipanda kutoka mtaroni na mwavuli uliopinduka hakihitaji uchunguzi wa kitabibu.

Anayekusudia kujiunga na matembezi ya aina hii Julai ijayo anaombwa atenge noti za rambirambi mbali na fedha za chakula, na awe na jina la jamaa yeyote anayeishi Kamachumu, ili akiulizwa aendako awe na jibu linaloeleweka.