Mwaliko Uliogeuka Baraza

Miongoni mwa kazi ambazo binadamu huzifanya kwa hisani na kulipwa lawama, ukatibu wa kikundi cha ngoma katika mji wa Same hauna mfanowe, kwani katibu huyo ndiye mtunza hazina, ndiye mbandika matangazo, ndiye mpokea wageni wanaoteremka kwenye mabasi ya Arusha. Na tangu mwenyekiti wetu aliposikia kwamba matamasha makubwa kama Sauti za Busara la Unguja huwaalika wapenzi wao kwa barua pepe, katibu ameongezewa na utarishi wa dunia nzima.

Utarishi wenyewe, hata hivyo, mwenyekiti alimkabidhi mpwawe, kijana mwenye kompyuta ya mkononi na imani thabiti, pamoja na daftari la wageni ambamo wapenzi wa ngoma walikuwa wameandika anwani zao: wauza tangawizi wa Mamba, walimu wa Suji, wazee wa Chome, na wana wa Upare walioko Dar es Salaam na Maskati. Kijana akazipanga anwani zote katika nafasi ya wazi, ambapo kila msomaji humwona mwenziwe. Penye kichwa cha barua akapaacha patupu. Kisha, badala ya kuandika siku, mahali na kiingilio, akaambatisha bango la picha lenye uzito wa megabaiti 15, akabonyeza, akaenda zake kula makande.

Huko Vudee, ambako jamaa yangu mmoja hupata mtandao akisimama kwenye kona fulani ya shamba, bando lilimwishia kabla picha haijateremka hadi kwenye ngoma, akawa ameambulia anga na nembo ya mfadhili. Lakini hayo ni madogo. Sisi Wapare tumesifiwa, kwa haki au kwa kusingiziwa, kwamba twaweza kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Na mzee mmoja wa Chome, alipoiona katika orodha anwani ya mtu aliyedaiwa kuwa hapatikani, alibonyeza "jibu wote", akamwamkia kwa adabu kamili, akamwuliza habari za mbuzi. Mdaiwa naye akawajibu wote. Mashahidi wakajitokeza kutoka Maskati. Mama mmoja akaomba jina lake liondolewe, ombi lake likawafikia wote, na wote wakajibu kwamba nao waondolewe.

Kijana asionewe. Mwaka 1978 huko Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alipotangaza kompyuta kwa watu wapatao 400 kwa mkupuo mmoja, anwani zilizidi nafasi yake zikafurikia ndani ya barua yenyewe. Akakemewa vikali, na bidhaa ikanunuliwa.

Waama, dawa ya fitina hii ni nyepesi: anwani zitiwe katika nafasi ya nakala ya siri, mwaliko uandikwe kwa maneno, na picha ipunguzwe. Fauka ya hayo, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu aliyetia sahihi daftari la wageni kwa kufurahia ngoma hakutoa idhini ya kutangazwa kwa wadai wake. Mwenye kikundi kikubwa akumbuke pia kwamba anwani ya bure ya Gmail haipeleki barua kwa zaidi ya watu 500 kwa siku, jambo ambalo kwa kikundi chetu ni rehema.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa hata madirishani, ngoma ikasikilizwa kwa utulivu, na kesi ya mbuzi ikaendelea nyuma ya jukwaa. Kiingilio walilipa wote, mdai na mdaiwa.

Nawe katibu mwenzangu wa Mwanga, Korogwe au Lushoto, ukinialika, tafadhali niandikie peke yangu, utaje siku na saa katika mstari wa kwanza, na bango lisizidi kilobaiti 200. Mimi nipo Vudee mpaka vuli ziishe.