Maiki ya Kondensa Katika Nyumba ya Kupanga

Anayetaka kurekodi nyumbani, iwe ni kaswida, podikasti au wimbo wa kwaya, mwishowe hubaki na maiki za aina mbili za kuchagua: dainamiki na kondensa. Ndani ya dainamiki mna koili ya waya mwembamba iliyogundishwa kwenye kiwambo na kuzungukwa na sumaku. Sauti ikigonga kiwambo, koili hucheza na umeme kidogo huzalishwa. Haidai umeme wa nje, hustahimili kudondoka, na ndiyo maana wahubiri na ma-MC hawaachani nayo. Kondensa ni dhaifu zaidi na sikivu zaidi. Kiwambo chake ni utando wa plastiki uliopakwa dhahabu, mwembamba mara nyingi kuliko unywele, unaotazamana na bamba lisilotikisika. Sauti ikiusogeza utando, nafasi iliyo kati yake na bamba hubadilika, na volti hubadilika nayo. Kwa kuwa hauna koili ya kuburuza, utando huo hufuata hata mtetemo mdogo kabisa: pumzi kati ya maneno, ulimi ukibanduka kwenye kaakaa, pete ikigusa gita.

Sifa hiyo ndiyo inayowafanya wengi wainunue, na ndiyo inayowafanya wajute. Mwenye chumba cha kupanga Dar es Salaam akivaa hedifoni na kuwasha kondensa kwa mara ya kwanza, huanza kuijua nyumba yake upya. Kuna feni, ambayo alikwisha kuizoea hata haisikii. Kuna friji ya mpangaji wa pili. Mita ya LUKU inalia kudai uniti. Halafu, ubeti wa pili ukiwa unakwenda vizuri kabisa, anapita muuza dawa ya mende, kunguni na panya na spika yake inayorudia tangazo lile lile, na kondensa inalinasa neno kwa neno, pamoja na bei. Feni ikizimwa na madirisha yakifungwa, kelele hupungua na jasho huanza. Mwimbaji hapo huimba haraka kuliko mapigo yanavyotaka.

Matatizo mengine huanzia dukani. Neno kondensa huandikwa kwenye boksi lolote lenye maiki, mkono wa kukunja, sponji na kebo inayoishia kwenye jeki ndogo ya kompyuta. Jeki hiyo hutoa volti chache tu, ilhali kondensa ya studio hutaka 48. Maiki iliyotengenezwa kwa umeme mdogo itafanya kazi kwa kiasi chake. Ile ya volti 48 ikichomekwa hapo hukaa kimya, na mnunuzi huirudisha dukani akidai ni mbovu. Muuzaji naye huichomeka pale pale kwenye jeki ya kompyuta yake, na wote wawili hukubaliana kuwa kweli ni mbovu.

Hizo 48 nazo zina asili yake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Berlin iliwapelekea NRK, shirika la utangazaji la Norwei, maiki ndogo aina ya KM 84. Studio za huko tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, maana majira ya baridi mchana wao ni mfupi mno. Wahandisi wakauchukua umeme huo wakaupitisha kwenye waya zile zile zinazobeba sauti, na dunia ikafuata. Kitufe cha 48V kilichoko kwenye saundi kadi ya Kariakoo, kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, kimetokana na giza la Norwei. Taa za dharura Dar zipo pia, ila giza lake huja na taarifa ya matengenezo ya laini, au bila taarifa.

Umeme ukishapatikana, kuna suala la upande. Dainamiki za jukwaani huimbiwa kwenye ncha, na mazoea hayo huhamishiwa kwenye kondensa kubwa, ambayo husikia kwa ubavu. Tena husikia ubavu mmoja tu: nyingi hupokea sauti ya mbele na kuikataa ya nyuma. Mbele kwa kawaida ndiko kwenye nembo. Fundi asiyelijua hilo huigeuza nembo imtazame yeye, isomeke vizuri kwenye picha za kurusha mtandaoni, na mwimbaji akaimbia mgongo wa maiki. Sauti hutoka kwa mbali na bila uzito, kama ya mtu anayeimba bafuni nyumba ya tatu, huku kiti cha fundi kikisikika kikilia waziwazi. Dawa inayotafutwa mara nyingi ni kununua priampu.

Priampu ni saketi inayokuza umeme mdogo wa maiki hadi kiwango cha kurekodiwa. Kila saundi kadi yenye tundu la XLR inayo ndani, lakini zipo zinazouzwa peke yake kwa bei ya pikipiki, na husifiwa kwa maneno ya jikoni: hii tamu, ile ina joto, nyingine imekolea. Hesabu yake haina ladha kiasi hicho. Kondensa ya kawaida hutoa milivolti 10 hadi 30 kwa kila paskali moja ya shinikizo la sauti. Shure SM7B, dainamiki inayopendwa na watu wa podikasti, hutoa kama 1.1. Hiyo ya pili inaweza kudai ukuzaji wa desibeli 60, yaani mara 1,000, na hapo mchakacho wa priampu duni hujitokeza. Kondensa huridhika na 30 au 40, kazi ambayo saundi kadi ya bei nafuu huifanya bila taabu. Ajabu ni kwamba wenye kondensa ndio wanaohangaikia priampu, na wenye SM7B hufika nyumbani hawana hata nauli.

Vivyo hivyo kwa mchakacho wa maiki yenyewe. Kondensa nzuri huwa na desibeli 5 hivi za kelele yake, ya bei ya chini hufika 20. Chumba cha kulala kilichotulia usiku kina kama 30, na hapo hakuna feni wala jogoo. Anayelipa mara tatu ili kutoka 20 hadi 5 amenunua ukimya ambao mtaa hautamruhusu kuusikia.

Pesa hiyo ingefaa chumba kwanza. Trei za mayai, zinazobandikwa ukutani kwa imani kubwa, hazinyonyi sauti kiasi cha maana. Mende ndio wanaofaidika. Godoro la sponji likisimamishwa nyuma ya mwimbaji, na kabati la nguo likiachwa wazi pembeni, mwangwi hupungua kweli. Kelele za nje godoro haliziwezi. Panapokuwa na mtaa mkorofi, ni heri dainamiki iliyosogezwa karibu na mdomo, na hapo ndipo priampu safi hustahili pesa yake. Si maiki ya wanyonge: mhandisi wa sauti Bruce Swedien alitumia Shure SM7 kwa sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller, mwaka 1982.

Atakayeshikilia kondensa yake azime kitufe cha 48V kabla ya kuchomoa kebo, la sivyo hedifoni zitampigia mlipuko masikioni. Ukanda wa pwani una adui mwingine, unyevu: ukiingia kwenye utando, maiki hutoa milio ya kukatika-katika. Baada ya kazi ihifadhiwe kwenye mfuko unaofungika, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wapo wanaoizika ndani ya mchele. Mchele hunyonya unyevu polepole mno, huacha vumbi kwenye wavu, na baada ya wiki kadhaa maiki hutoka na fukusi.