Fungate Isiyo na Usumbufu

Maharusi wa siku hizi wanataka fungate ya ng'ambo isiyo na usumbufu: ufukwe asubuhi, utamaduni jioni. Usumbufu wenyewe haupungui, unahamia kwenye kamati ya harusi, ambako wajomba wanachangishwa mpaka nauli ya ndege. Mbona ufukwe na utamaduni vyote viwili vipo Kigoma? Burton na Speke walifunga safari ya miezi kutoka pwani hadi kufika Ujiji, huko huko Kigoma, mwaka 1858. Stanley akafuata 1871, akimsaka Livingstone. Wazungu hao walihangaika njiani kwenda kuliko na utamaduni, sisi tunakopa ili tuukimbie. Atakayesema Ziwa Tanganyika si bahari, ni kweli: maji hayana chumvi, hayawashi macho, na kina chake kinakaribia mita 1,470. Anayelalamikia umbali aelezwe kwamba reli ilifika mwaka 1914, na Maldives hawaendi kwa bajaji. Utalii nao? Sokwe wa Gombe, mkoani humo humo, wanafuatiliwa tangu 1960, alipofika Jane Goodall, na hawajawahi kumchangisha mtu.

Pingamizi zito ni moja: mzaliwa wa Ujiji akienda fungate Ujiji, shangazi atabisha hodi alfajiri na sahani ya migebuka. Hilo nalikubali. Lakini wazee wa Kiswahili walishalimaliza: maharusi wanafungiwa ndani siku saba, chakula kinaletwa mlangoni, viza haihitajiki. Kasoro yake ni kwamba hakuna picha za kuwarushia waliochanga.