Ndege Imekwama Kwenye Waya

Gari langu linalala nje, kwenye theluji ya Minnesota, kwa sababu gereji imekaliwa na ndege. Angekuwa ndege wa kufuga nisingelalamika, angalau tungepata mayai. Hii ni ndege ya kuruka, ya watu wawili, mwili mzima alumini, na anayeijenga ni Baba Neema, mume wangu wa ndoa, mtu ambaye taa ya jikoni ikiungua anashauri tupike mapema.

Serikali ya huku inamruhusu. Sheria ya Marekani inamkubalia mtu wa kawaida kujiundia ndege na kuirusha, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojielimisha au kujiburudisha. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi nikitafuta panapotaja mke, sijapaona. Ndege yenyewe hubandikwa maandishi kwamba ni ya majaribio, ili abiria asije akasema hakuambiwa. Na hawa watu wala si wachache. Chama chao, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny kule Milwaukee mwaka 1953, na tangu mwaka 1970 mkutano wao mkubwa wa kiangazi uko Oshkosh, Wisconsin, mahali ambapo nimelala kwenye hema pembeni ya uwanja wa ndege huku mwanamume nisiyemjua akinieleza habari za ribiti mpaka chai ikapoa.

Haki ya mtu apewe: kazi ya bati ilikwenda vizuri. Ndege yenyewe, aina ya RV-7, inakuja kwenye makreti kutoka Oregon, matundu yametobolewa kiwandani, na michoro inakwambia ribiti ipi iende tundu lipi. Anayejua kusoma na anayestahimili kelele atafika. Baba Neema alisoma, sisi wengine na majirani tukastahimili. Mkia ukasimama, mabawa yakafungika, nami nikaanza kuitazama gereji kwa jicho la mwenye mali.

Kisha akafika kwenye umeme.

Kwenye umeme, mwenye kuunda ndege anaachiwa achague mwenyewe, na kumwachia mume wangu achague mwenyewe ni hatari. Huyu ni mtu anayesimama mbele ya rafu ya mchele mpaka mlinzi wa duka anaanza kumfuata. Sasa anaulizwa: mfumo wa volti 12 au 24? Betri ya risasi yenye kilo kama 7, au ya lithiamu yenye kilo 2 hivi na bei ya ng'ombe? Fyuzi za kuchomeka kama za gari, au breka za kubonyeza? Skrini moja au mbili? Alteneta moja au mbili? Majira ya baridi yamepita na mengine yameingia, na ndani ya ndege kuna waya mmoja tu uliofungwa, nao ameufungua tena.

Nilidhani ndege inahitaji umeme ili iruke. Wapi! Injini ya zamani ya ndege ndogo ina magneto, kidude chenye sumaku kinachozungushwa na injini yenyewe na kutoa cheche za plagi bila kuomba betri wala alteneta kitu. Hata ile injini ya akina Wright ya mwaka 1903 ilikuwa na magneto. Zima kila swichi, ng'oa betri uitupe dirishani, injini itaendelea kunguruma. Tena magneto ina ukaidi wa ajabu: ili uizime ni lazima swichi iunganishe waya wake na bodi. Waya huo ukikatika, wewe unaamini umezima, kumbe yenyewe iko macho, na atakayeisukuma propela kwa mkono anaweza kupoteza mkono. Tangu niliposikia hilo hakuna mtoto wa jirani anayeruhusiwa kupita mbele ya ndege ile, ingawa injini bado iko kwenye sanduku.

Basi kama injini inajiwashia cheche yenyewe, umeme wa nini? Wa redio, wa taa, wa skrini, wa kuwashia injini asubuhi. Ningeweza kuishi na hayo. Lakini Baba Neema alisikia kwamba siku hizi kuna mfumo wa cheche wa elektroniki, unaobana mafuta na kuwaka upesi, akaamua aondoe magneto zote mbili. Haya. Mfumo huo unakula umeme, kwa hiyo betri imekuwa kitu cha kufa na kupona. Betri inahitaji alteneta ya kuichaji. Kidhibiti cha alteneta kikiharibika, volti zinaweza kupanda na kuunguza vifaa, kwa hiyo kinatakiwa kifaa cha kuikata alteneta volti zikizidi. Kifaa hicho nacho kinaweza kukata bila sababu, kwa hiyo inatafutwa alteneta ya pili, ndogo, ya ampea 8. Kila mlinzi anaajiriwa mlinzi wake. Mimi ninayelipa kodi ya nyumba nataka kujua nani anamlinda wa mwisho.

Mshauri wake ni mzee mstaafu wa mtaa wa pili, mmoja wa wale wajuzi wa chama wanaokagua kazi za wenzao bure. Neema anamwita Babu, naye amependa, nadhani anafikiri ni cheo. Babu huja na daftari lenye jedwali: jina la kifaa upande huu, ampea zake upande ule. Hawezi kuona kitu bila kuuliza kinakula ampea ngapi. Aliwahi kuniuliza habari za birika langu.

Babu na mume wangu hawapatani juu ya fyuzi, na ugomvi wao unafanyika mezani kwangu. Baba Neema anataka breka, zipangwe mistari kwenye dashibodi kama kwenye ndege kubwa, ili kitu kikikata akibonyeze kirudi. Babu anasema fyuzi wala breka haiwekwi kwa ajili ya redio. Inawekwa kwa ajili ya waya, usije ukapata moto na kuwaka mahali ambapo huwezi kusimama kando ya barabara. Ikikata, ina sababu, na rubani aliye hewani si fundi. Hapo humtaja Bob Nuckolls wa Kansas, mhandisi aliyeandika kitabu AeroElectric Connection, ambacho wajenzi wa ndege hukitajataja kuliko wanavyokisoma. Hoja ya Nuckolls ni rahisi na mimi naiunga mkono: panga umeme wako hivi kwamba kifaa chochote kimoja kikifa, usihitaji kukifufua ili ufike salama. Ukiweza hivyo, fyuzi za bei nafuu zinatosha, na hata usipozifikia ukiwa angani hakuna neno. Baba Neema anakubali kila kitu katika hoja hiyo isipokuwa mwisho wake.

Waya wenyewe ni kesi nyingine. Waya wa ndege huku hupimwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Usiniulize. Namba 22 ni ya ampea 5, namba 18 ni ya ampea 10, na ule wa kuwashia injini ni namba 2, mnene karibu na kidole changu kidogo. Nilimwambia duka la vipuri vya magari pale chini lina waya wa rangi zote, mizigo na mizigo. Walinitazama wote wawili kama niliyetukana. Waya wa gari mara nyingi huvikwa plastiki ya PVC, nayo ikiungua hutoa moshi wenye tindikali, na chumba cha rubani hakina dirisha la kukimbilia. Wa ndege huvikwa plastiki iitwayo Tefzel, inayostahimili nyuzi 150 za joto. Sawa, nimeelewa, nimenyamaza. Ila waya huo ameununua wote mweupe. Nyaya nyeupe mia na kitu, zinalala sakafuni kama tambi, na mwenye kujua upi ni upi ni Mungu.

Tena haziunganishwi kwa lehemu hovyo. Lehemu ikipanda kwenye waya wa nyuzi nyingi inaukaza, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko wa injini utakapoukata. Kwa hiyo vichwa vya waya vinabanwa kwa koleo maalumu, lisiloachia mpaka ubane sawasawa. Yako ya aina kadhaa. Bei nimeziona kwenye taarifa ya benki, na kwa heshima ya ndoa yangu sizitaji.

Mimi nimekulia Tanga, miaka ya mgao wa umeme. Mama alikuwa na jenereta ndogo ya mkopo, na umeme ukikatika alijua papo hapo nini kinabaki: friji ya samaki wa biashara na taa moja. Televisheni ingoje. Na atakayechomeka pasi ataiona pasi hiyo mgongoni. Kwa hiyo siku walipokuwa wakigombana juu ya fungu la vifaa vya lazima, vile vitakavyobaki kwenye betri alteneta ikifa, nikasogea nilione jedwali. Fungu la lazima lilikuwa na kila kitu. Hata taa ya kusomea ramani, na ramani yenyewe iko kwenye skrini yenye mwanga wake!

Nikawauliza, "Katika hivi, pasi ni ipi?"

Babu hakuelewa mpaka nilipotafsiriwa. Akacheka, akaweka kidole kwenye kipasha-joto cha mrija wa kupimia mwendo, kinachouzuia usigande barafu mawinguni. Chenyewe peke yake kinakula ampea 10 hivi. Na ndege hii itaruka mchana, siku za mbingu safi, na rubani huyu hatakiwi kuliona wingu kwa karibu. Nikakata. Nikakata na redio ya pili, na taa ya kusomea. Betri yao ni ya ampea-saa 16: ukiitwisha ampea 15 imekwisha katika saa moja au chini yake, ukiitwisha 5 unarudi nyumbani, unashuka, na unapata muda wa kuniomba radhi. Babu aliandika yote. Baba Neema alinuna, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama tundu la kuchajia simu nalo ni pasi.

Jambo nililolishikilia bila mzaha ni mahali pa swichi. John Denver, yule mwimbaji, alikufa mwaka 1997 kwenye ghuba ya Monterey, California, akiwa na ndege iliyojengwa nyumbani na mtu mwingine. Mjenzi alikuwa ameiweka koki ya kubadilishia tangi la mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani. Wachunguzi waliona kwamba katika kujipinda aishike, aliisukuma pedali ya mguu bila kukusudia na ndege ikamponyoka. Kwa hiyo nilimkalisha Baba Neema kwenye kiti, mkanda umefungwa, macho yamefumbwa, nikamtajia swichi moja moja aiguse. Ya alteneta aliikosa, akashika goti langu. Swichi imehamishwa.

Sasa Neema amepewa kazi ya kuzipa nyaya majina, kwa kuwa anataka pesa ya viatu. Anachapa jina kwenye kijimrija kinachosinyaa kwa joto, anakivisha mwisho wa waya, anakipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele zangu. Ameyaandika kwa Kiswahili, baba yake kafurahi: TAA YA BAWA, REDIO, PAMPU. Nyaya ambazo hakuna aliyekumbuka zinakwenda wapi, mtoto hakutaka kudanganya. Jumamosi Babu akaja kukagua, akapita na kurunzi yake na daftari, akajaza jedwali taratibu, kisha akanifuata jikoni kuniuliza SIJUI inakula ampea ngapi, maana ameikuta kila mahali.