Namna ya Kumpima Mbio Bwana Toleo Jipya

Toleo jipya la lugha ya hifadhidata huja kama bwana harusi: limenyolewa, linanukia marashi, na mshenga hamalizi kulisifu. Mwaka 2003, Oracle ilipotangaza 10g, toleo jipya la hifadhidata yake, sifa za kompaila mpya ya lugha yake ya PL/SQL zilivuma: programu zenye mahesabu mazito zingekimbia karibu mara mbili ya zile za 9i, toleo lililotangulia. Sifa hizo zina msingi. Hata hivyo, usitoe mkono wa binti kabla hujamwona bwana akilima.

Matoleo yote mawili yapewe mashine ya aina moja. 9i ikiachwa kwenye seva kuukuu na 10g ikapewa seva mpya, ulichopima ni seva. Endesha jaribio mara moja na jibu lake ulitupe, maana mara ya kwanza data husomwa kutoka diski na zinazofuata huikuta tayari kwenye kumbukumbu.

Kisha mchunge kompaila, fundi mjanja huyo. Ukiandika lupu ndefu ya kujumlisha namba na jumla yenyewe usiitumie popote, anaweza kuona kazi haina mwenyewe akaifyeka. Saa itasoma karibu sifuri na ofisi nzima itapiga vigelegele bure. Ichapishe jumla mwishoni kwa DBMS_OUTPUT. Lupu nayo iwe ya sekunde kadhaa, kwa kuwa DBMS_UTILITY.GET_TIME huhesabu kwa sehemu za mia za sekunde.

Wengi huteleza kwenye PLSQL_OPTIMIZE_LEVEL, inayompangia kompaila kiwango cha kuboresha programu. Ndani ya 10g huwa 2 usipoigusa. Ukiishusha hadi 0, programu iliyokwisha kukompailiwa haishtuki: hubaki na mpangilio wake hadi uikompaili upya. Kagua mpangilio huo kwenye USER_PLSQL_OBJECT_SETTINGS kabla hujawasha saa. Wala usiseme kwamba 10g yenye 0 ndiyo 9i. Kompaila ni mwingine.

Halafu leta kazi yako halisi, tuseme ripoti ya mishahara. Lupu ya kursa ya FOR iliyokuwa ikichota safu mojamoja kwenye 9i, kwenye kiwango cha 2 cha 10g huchota 100 kwa mkupuo, na hapo utaona tofauti kwa macho. Kama ulishaandika mwenyewe uchotaji wa mkupuo kwa BULK COLLECT, faida hiyo ulishaila zamani. Na kama ripoti inashinda ikisubiri SQL isome jedwali zima, muache kompaila apumzike, ukatengeneze indeksi.